Siku Moja Katika Nchi ya Karafuu: Kutoka Chake Hadi Kigomasha kwa Mwendo wa Pole

Karafuu ina saa zake. Asubuhi jua likishashika, zile za jana na juzi hutolewa nje na kuanikwa. Wakati huohuo wachumaji wako juu ya miti. Alasiri mizigo huteremka kutoka mashambani, na jioni watu hukaa barazani au kwenye madago, yaani kambi za muda za wachumaji, kuchambua. Ukiipanga safari yako kwa kufuata saa hizo, kwa siku moja utaiona kazi nzima ya karafuu tangu mtini hadi guniani. Ukienda kwa saa zako mwenyewe, utapita kwenye vijiji hivyohivyo ukute majamvi matupu na watu wamelala.

Mwongozo huu ni wa siku moja kaskazini mwa Pemba. Unaanzia na kumalizikia Chake Chake, kwa gari au pikipiki, na una njia fupi kwa anayetegemea daladala.

Wakati wa kwenda

Uvunaji mkubwa kwa kawaida huanza kipupwe kinapoelekea ukingoni na huendelea hadi mvua za vuli. Kwa mtembezi, kipindi kizuri ni Septemba na Oktoba. Joto bado halijawa kali, barabara za ndani ni kavu, na anga safi huwapa wakulima ujasiri wa kuanika nje. Vuli ikishaanza, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba, kazi haisimami lakini hukatikakatika, na udongo mwekundu wa vilimani huteleza kiasi kwamba pikipiki haisimami.

Kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi: mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Ikibeba sana msimu mmoja, msimu unaofuata huweza kuwa na karafuu chache mno. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi mpigie mtu aliyeko Pemba, awe mwenye nyumba ya wageni au dereva, umuulize swali moja: "Karafuu zimeingia?" Akikwambia bado, au mwaka huu ni kidogo, sogeza safari.

Epuka Ijumaa. Kuanzia karibu saa 6 mchana mashamba na maduka hunyamaza kwa ajili ya sala, na hakuna wa kukupokea hadi saa 8. Jumamosi na Jumapili shambani kazi inaendelea, lakini kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu vinavyokamuliwa mafuta) huenda kimefungwa. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku zenyewe. Msimu ukiangukia Ramadhani, jua kwamba migahawa hufungwa mchana na kazi nzito huhamia asubuhi mapema, na kula au kunywa hadharani si adabu.

Siku moja kabla

Lala Chake. Anayetoka Unguja kwa boti huteremka Mkoani, na kutoka hapo hadi Chake ni kama kilomita 30. Ukishuka bandarini asubuhi na kutaka kuanza matembezi palepale, saa nzuri za kuanika zitakupita njiani.

Jioni hiyo malizia mambo matatu. La kwanza ni usafiri. Gari la kukodi pamoja na dereva wa hukohuko ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu dereva wa Pemba anajua shamba gani linachumwa wiki hii, na mara nyingi ana shangazi au mjomba kwenye kila kijiji cha njiani. Patana bei ya siku nzima, mafuta yakiwemo, na utaje vituo vyote kabla ya kuondoka. Ugomvi wa jioni hutokana na mnara wa taa wa Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ambao haukutajwa asubuhi. Ukiendesha mwenyewe kwa leseni ya nje ya nchi, kibali cha kuendesha Zanzibar ukipate kabla, maana askari wa barabarani watakiulizia.

La pili ni ruhusa ya shamba, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Shamba la mikarafuu halina geti, kwa hiyo mgeni huona ni msitu tu na kuingia. Kumbe kila mti una mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waligawiwa mashamba ya eka tatu tatu, mengine yalibaki ya Serikali, na mengine ni ya urithi. Juu ya hayo, mwenye shamba anaweza kuwa ameyakodisha mazao ya msimu kwa mtu mwingine. Aliyekodi amelipa fedha zake mapema na anahesabu kila pishi. Akiona mtu asiyemjua chini ya miti yake ana haki ya kushtuka, kwani wizi wa karafuu mtini upo. Mwambie dereva au mwenyeji wako azungumze na mwenye shamba, na kama limekodishwa azungumze na aliyekodi pia. Ikiwa humjui mtu yeyote, pitia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) husika. Haichukui muda mrefu, na baada yake utapokewa kama mgeni.

La tatu ni fedha taslimu. Zitoe Chake, katika noti ndogondogo. Ukishaingia vijijini mwenye dafu hana chenji ya elfu kumi.

Cha kubeba: maji lita mbili kwa kila mtu, viatu vya kufunika vidole, kofia, dawa ya mbu, na nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Mwanamke akiwa na kanga au mtandio wa ziada kwenye begi atashukuru. Mikono mirefu ina faida nyingine pia. Kwenye mikarafuu na miembe wanaishi majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Hawana sumu ya kutisha, lakini wakikudondokea shingoni utavua shati mbele ya watu. Kabla ya kusimama chini ya tawi, tazama juu. Ukiona fungu la majani yaliyogandamana, sogea.

Asubuhi: chai, kisha makonyo

Amka mapema ule vizuri. Chake kuanzia saa 12 na nusu utapata chai ya tangawizi na mdalasini, vitumbua, chapati, na mkate wa ufuta wenye moto wake. Kula hapa, kwa sababu mlo mwingine wa uhakika uko mbali.

Saa 2 uwe kwenye kiwanda cha makonyo, nje kidogo ya mji. Ni cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC. Pita ofisini kwanza, lipa kiingilio, na usubiri wa kukutembeza. Usijipeleke mwenyewe kwenye mitambo, kwani mvuke wake unababua.

Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Kwa jicho la mgeni ni takataka, na hapa ndipo panapogeuza takataka hiyo kuwa mafuta. Makonyo makavu hujazwa kwenye pipa kubwa la chuma, likafungwa kwa nguvu, na mvuke ukapitishwa kutoka chini. Mvuke huondoka na mafuta, hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na hutoka upande wa pili ukiwa kimiminika chenye maji na mafuta pamoja. Hapo muombe anayekutembeza akuonyeshe chombo cha kutenganishia. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama chini. Siku wanapokamua mchaichai, mafuta yake huelea juu. Kifaa ni kilekile, lakini bomba la kuchotea linabadilika.

Ukinunua chupa, kumbuka haya. Mafuta haya ni makali mno. Usiyapake ngozini peke yake. Tone moja katika vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi linatosha, na kwanza jaribu sehemu ndogo ya mkono. Yaweke mbali na watoto kabisa, maana kuyameza ni hatari. Yabaki kwenye chupa ya kioo, kwa kuwa hula baadhi ya plastiki, na isimamishe wima ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Chupa iliyolala ikavuja itaharibu begi zima, na harufu haitoki kwa kufua.

Dakika 45 zinatosha hapa. Ondoka.

Shambani, saa 3 hadi saa 6

Shika barabara ya kwenda Konde. Barabara inapanda na kushuka vilima, na mabondeni utaona mashamba ya mpunga, migomba na minazi, huku mikarafuu imeshika migongo ya vilima. Si bahati mbaya kwamba iko huku. Dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaumia kwa kiasi kidogo kuliko Unguja, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Udongo mzito wa vilimani na mvua zake vimeishikilia nafasi hiyo.

Shamba ulilopanga jana ndilo kiini cha siku, kwa hiyo lipe saa mbili na nusu nzima. Ukifika usianze na kamera. Anza na salamu: "Assalamu alaykum," kisha "shikamoo" kwa wazee, halafu "poleni na kazi." Muulizie mwenye shamba. Subiri uitwe.

Kwanza tazama kuanika, kwa sababu ndiko kunakoanza mapema. Karafuu mbichi ya jana ni nyekundu na kijani. Ya siku ya tatu imekwishakuwa kahawia. Utaziona zimetandazwa kwa tabaka jembamba juu ya majamvi au sakafu ya saruji, na kila baada ya muda mtu anazigeuza kwa reki au kwa miguu. Tabaka likiwa nene, za chini hushika unyevu. Zikilundikwa mbichi, au zikinyeshewa na kuachwa, huchacha: rangi hufifia kuelekea weupe, kichwa husinyaa, na harufu huwa ya uchachu. Hizo hushushwa daraja kwenye kituo cha kununulia karafuu. Kwa jua zuri kazi ni ya siku nne hadi saba. Kipimo cha mkulima hakihitaji mashine: karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio, ambayo bado hupinda. Karibu kilo tatu za mbichi hutoa kilo moja kavu, na ndiyo maana mkulima huwa mkali sana kwa kila kiganja kinachomwagika.

Usikanyage jamvi, wala usipite juu yake ukiwa na viatu, hata ukiona watoto wanapita pekupeku. Wingu jeusi likitokea utasikia kelele na watu watakimbia kuanua. Wakati huo weka simu mfukoni ushike ncha ya jamvi pamoja nao. Hakuna msaada wa mgeni unaothaminiwa kama huo.

Ukiona karafuu zimeanikwa juu ya lami, usinunue na usizisifu. Hushika mchanga, mafuta ya magari na harufu ya lami, na wataalamu wa zao wamekuwa wakilikataza jambo hilo kwa miaka mingi.

Kisha nenda kwenye miti. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Huchumwa linapobadilika kutoka kijani kibichi kuwa la manjano lenye wekundu. Likichumwa mapema, karafuu hutoka nyembamba na huwa nyepesi. Likichelewa, ua hufunguka, kichwa hudondoka, na linabaki lisilo na thamani. Kwa kuwa matumba ya mti mmoja hayaivi siku moja, mchumaji huurudia mti uleule mara kadhaa kwa msimu. Hupanda kwa mikono na kamba, huvuta tawi kwa upembo, yaani fimbo yenye ndoano, huvunja kishada kizima na kukitia kikapuni. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika na mti mkubwa hupita mita 10, kwa hiyo kila msimu watu huanguka. Usimwombe mchumaji ageuke kwa ajili ya picha. Usimsemeshe akiwa anahama tawi. Na wewe usipande, hata akikukaribisha kwa wema.

Mwenyeji akikupa kishada, kichambue hapohapo ili kiganja chako kijifunze: shika konyo kwa mkono mmoja, ubane matumba kwa kiganja cha pili na uyang'oe kwa kuzungusha. Wachambuaji hodari hawatazami mikono yao.

Kuhusu malipo: wenyeji wengi hawatataja bei ya kutembezwa. Mpe mwenye shamba kitu kwa heshima, mkononi, bila kukipiga picha, na wachumaji uwanunulie madafu au sukari na majani ya chai kwa ajili ya dago. Peremende kwa watoto tunaomba uache; zinawafundisha kukimbilia magari.

Karafuu kwa ajili ya nyumbani usinunue shambani. Ni zao linalosimamiwa na sheria. Mkulima huuza ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa zito. Mgeni anayebembeleza "niuzie kilo mbili tu" anamtia mwenyeji wake majaribuni. Nunua dukani, zilizofungwa, na uchukue risiti. Viungo vingine, kama pilipili manga, mdalasini na manjano, unaweza kununua kwa mkulima bila wasiwasi.

Mchana: Konde na Ngezi

Fika Konde karibu saa 7, baada ya adhuhuri. Tafuta mgahawa wenye watu wengi na ule kilichopo: wali wa nazi, mchuzi wa samaki au pweza, muhogo. Ukifika saa 9 utakuta sufuria zimeoshwa. Machungwa na machenza ya kando ya barabara ni mazuri msimu huu. Nunua ya kula garini.

Kutoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi ni kilomita chache, na njia hupita katika miti ya mpira iliyopandwa kwa mistari. Getini lipa kiingilio, dai stakabadhi, na umchukue mwongozaji wa msitu. Njia fupi ya miguu huchukua kama saa moja. Muombe akuonyeshe mpapindi, mnazi-pori ambao asili yake ni Pemba. Ndani ni joto la unyevu lisilo na upepo, na hapa ndipo watu waliobeba nusu lita ya maji hujuta. Bundi mdogo wa Pemba hulia usiku. Mchana usitegemee kumwona.

Kigomasha, au uache

Sasa amua. Ikiwa saa 9 na nusu bado hujatoka Ngezi, acha mnara wa Kigomasha urudi taratibu. Ikiwa muda upo, endelea hadi ncha ya kaskazini. Ukishaiacha lami, njia ina vumbi na mchanga. Mwenye pikipiki apunguze mwendo, kwani tairi la mbele hutumbukia ghafla. Mnara wa taa ni wa chuma, wa 1900. Umuombe mlinzi, umpe ada yake, upande ngazi kwa zamu kwa kuwa ni nyembamba. Juu utaona pwani ya Vumawimbi upande wa mashariki, na upande wa magharibi miamba na mkondo wa bahari. Kuogelea leo si kwa safari hii. Anayeingia maji saa 10 hatafika kwa wakati wa kuchambua.

Kurudi kwa njia ya Wete

Saa 10 na nusu uwe barabarani, na safari hii rudi kwa kupitia Wete. Kutoka hapo hadi Chake ni kama kilomita 30, na vijiji vimebana barabara. Hii ndiyo saa ya kuchambua: akina mama, vijana na wazee wameketi kwenye mikeka, lundo la vishada katikati, karafuu upande mmoja, makonyo upande wa pili. Simama mara moja tu, mahali ambapo dereva anamjua mtu. Salimu, kaa, chambua ukiwa unazungumza. Nusu saa hapo ni bora kuliko vituo vitano vya kuteremsha kioo na kupiga picha. Wanawake hasa waulizwe kabla ya picha, na jibu la kusitasita lihesabu kuwa ni hapana.

Magharibi huingia muda mfupi baada ya saa 12. Usiendeshe vijijini gizani, maana kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, na watu wanaotoka msikitini.

Kwa daladala

Usijaribu mzunguko mzima; daladala za kaskazini hupungua sana alasiri. Fanya hivi: asubuhi kiwanda cha makonyo, kisha panda gari la Wete linalopita njia ya Kidike na ushukie hapo. Kutoka barabarani utatembea kwa miguu, au uchukue bodaboda, hadi kwenye miti ya popo wa Pemba, ambao hawapatikani penginepo duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno. Ulinzi wa wanavijiji kama wa Kidike ndio uliowarudisha. Mabawa yao yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6. Mchana hulala wakining'inia, na mtu asipige makofi ili waruke, kwani kila mruko wa mchana unawachosha bure. Kisha nenda Wete, ule chakula cha mchana, uonje halua, na saa 9 uwe umekwishapanda gari la kurudi Chake. Shamba la karafuu liombe karibu na Kidike kwa kupitia wenyeji wa hapo.

Ukifika nyumbani

Zijaribu karafuu ulizonunua dukani. Bana moja kwa ukucha chini ya kichwa: nzuri hutoa mafuta. Tia chache kwenye glasi ya maji: zenye mafuta huzama au husimama wima, na zilizokamuliwa hulala juu. Zihifadhi nzima kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko na dirisha, na usage kiasi cha mapishi ya siku hiyo tu. Ya unga hupoteza harufu ndani ya miezi michache. Nzima hukaa hata zaidi ya mwaka.